Kompyuta ya Gari Haifi Bure: Somo kwa Vikundi Vyenye Gari

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo hili, wanakikundi waweze (1) kueleza kazi ya kompyuta ya bodi katika gari, (2) kufuata hatua za kutafuta ugonjwa kabla ya kutoa pesa, na (3) kukubaliana jinsi ya kulinda pesa za kikundi wakati wa matengenezo.

MUDA: Saa 2.

VIFAA: Gari la kikundi, daftari, kalamu, mita ndogo ya kupimia stima, na ndoo ya maji.



Siku hizi vikundi vingi vimejitahidi kununua gari. Wengine hupeleka mboga sokoni, wengine hukodisha kwa arusi na matanga. Karibu yote ni magari yaliyotumika ng'ambo, na kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, magari haya si kama yale ya zamani. Yana kompyuta ndani. Na kompyuta ikisemekana imekufa, bei inayotajwa inaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima.

Mimi si fundi wa magari. Ninaandika somo hili kwa sababu nilikuwa katika mkutano ambao pesa zilitolewa vibaya, na mimi mwenyewe niliunga mkono.

MAMBO YALIVYOTOKEA (msomaji mmoja asome kwa sauti)

Kikundi kimoja ninachokitembelea kilikuwa na gari dogo la mizigo. Mvua za masika zilipoanza, gari likaanza vituko. Wipa zinafanya kazi zenyewe kukiwa na jua. Milango inajifunga na kujifungua. Indiketa zinawaka mbio mbio. Asubuhi betri imelala.

Dereva alilipeleka mjini. Fundi alitazama chini ya dashibodi kwa dakika chache akasema, "Hii ni BCM. Imekufa. Lazima mbadilishe." Alitaka shilingi 38,000: 32,000 za kompyuta iliyotumika na 6,000 za kuifundisha gari.

Mkutano uliitwa. Katika benki kulikuwa na shilingi 51,000 za kununua tangi la maji. Dereva, kijana mpole, alisimama akasema, "Kuna kitu kingine. Kapeti ya upande wangu huwa imelowa asubuhi." Hakuna aliyemjibu. Hata katibu hakuandika. Mimi niliulizwa maoni yangu nikasema, "Mambo ya kompyuta tuwaachie wataalamu." Pesa zikatoka.

Gari lilitulia wiki tatu za jua. Mvua iliporudi, vituko vikarudi vyote. Fundi akasema hata hiyo mpya imekufa, iletwe nyingine. Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema dereva na fundi wanagawana pesa. Kijana alisimamishwa kazi, na kwa miezi miwili alipita mbele ya nyumba za wanakikundi bila kusalimiwa vizuri.

Mwishowe mzee mmoja alimleta fundi wa umeme wa magari kutoka mji mwingine. Huyu hakugusa kompyuta kwanza. Aliuliza, "Nani huendesha gari hili kila siku? Niitieni." Kijana aliitwa, akaeleza habari ya kapeti. Fundi akaomba ndoo ya maji, akamwaga polepole juu ya kioo cha mbele. Baada ya dakika chache tuliona tone linashuka ndani, linafuata fungu la waya na kuingia katika soketi ya kompyuta. Mwaka uliotangulia kioo kilikuwa kimevunjwa na jiwe, na waliobadilisha hawakukibandika vizuri kwenye kona.

Kompyuta ile ya pili haikuwa imekufa. Ilikaushwa, pini zikasafishwa, kioo kikabandikwa upya. Gharama yote ilikuwa shilingi 5,500. Na ile ya kwanza, ilikuwa imekufa kweli? Hatutajua kamwe. Fundi wa kwanza alibaki nayo, na hakuna aliyeidai.

Maswali mafupi kabla ya kuendelea:
1. Ni nani alikuwa na habari ya muhimu kuliko wote katika mkutano ule? Kwa nini hakusikilizwa?
2. Tulikosea wapi kwanza: kwa fundi, au kwetu wenyewe?

KOMPYUTA YA BODI NI NINI?

Katika gari la zamani, ukibonyeza swichi ya taa, stima hupita kutoka swichi moja kwa moja mpaka taa. Katika gari la sasa, swichi haipeleki stima kwa taa. Inapeleka habari tu kwa kiboksi kilicho ndani ya gari, na kiboksi ndicho kinachoamuru taa iwake. Kiboksi hicho ndicho kompyuta ya bodi. Mafundi huiita BCM. Kwa magari mengi iko chini ya dashibodi, na katika aina nyingi za Toyota imeshikana na boksi la fyuzi upande wa dereva.

Kazi yake ni mambo ya bodi: taa, indiketa, wipa, honi, madirisha, kufuli za milango. Katika magari mengine ndiyo pia inayoutambua ufunguo. Isipoutambua, injini haiwaki.

Ifananisheni na katibu wa kikundi. Wanakikundi humletea habari. Yeye hutoa maagizo, na mjumbe huyapeleka. Siku agizo lisipotekelezwa, je, katibu ndiye mgonjwa? Pengine habari haikumfikia. Pengine ana njaa hawezi kuandika. Pengine barua aliiandika vizuri, mjumbe akaanguka njiani. Kompyuta ni vile vile. Habari hufika kwa waya za swichi, chakula chake ni stima ya betri, na mjumbe ni waya unaokwenda kwenye taa au mota. Ukimfukuza katibu kabla ya kuuliza haya matatu, utaajiri mwingine na barua hazitafika.

HATUA ZA KUTAFUTA UGONJWA

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu. Zile za kwanza hazihitaji pesa nyingi, na mara nyingi ugonjwa hupatikana hapo.

Hatua ya 1: Msikilizeni anayeendesha. Andikeni: Vituko vilianza lini? Ni wakati wa mvua au jua? Kuna kitu kilichofungwa karibuni, kama redio, alamu, taa za ziada au kifaa cha kufuatilia gari? Vitu hivi mara nyingi huunganishwa kwa kukata waya za gari na kufunga kwa tepu, na hapo shida huanzia. Kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa? Kapeti imelowa?

Hatua ya 2: Pimeni betri. Kompyuta isiyopata stima ya kutosha hufanya kama mlevi. Betri nzima iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki na kama nusu. Injini ikiwaka, magari mengi huonyesha kati ya 13.5 na 14.5, ikiwa chini ya hapo, chunguzeni altaneta na mkanda wake. Angalieni pia vichwa vya betri: vimekazwa? Vina unga mweupe au wa kijani?

Hatua ya 3: Pimeni waya wa ethi, yaani waya unaounganisha upande wa hasi wa betri na chuma cha gari. Washeni taa kubwa. Wekeni ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma safi mahali waya wa kompyuta umefungwa. Mita isome karibu na 0. Ikipita volti 0.2, kuna kutu au nati iliyolegea. Kusugua kwa msasa na kukaza nati kunaweza kumaliza ugonjwa wote.

Hatua ya 4: Angalieni fyuzi na rilei. Kompyuta moja huwa na fyuzi kadhaa, kwa hivyo moja ikiungua, nusu ya kazi zake hulala huku nusu ikiendelea. Msitegemee macho tu. Pimeni kama stima inaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Fyuzi ya ampia 10 ibadilishwe kwa ya ampia 10. Kamwe msiweke waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Mtaunguza gari pamoja na mzigo.

Hatua ya 5: Jiulizeni, ni kitu kimoja au vingi? Kama ni dirisha moja tu limekataa, usiilaumu kompyuta. Angalia swichi, mota, na waya zinazopita katika mpira ulio kati ya mlango na bodi. Waya hizo hukunjwa kila mlango ukifunguliwa, na baada ya miaka hukatika ndani. Lakini vitu vingi visivyohusiana vikichanganyikiwa pamoja, tafuteni kile vinachotumia pamoja: stima, ethi, maji, waya za mawasiliano, na mwisho kompyuta yenyewe.

Hatua ya 6: Tafuteni maji. Toeni majani yaliyojaa chini ya wipa, kwa maana yakiziba njia ya maji, maji hufurika na kuingia ndani. Mwageni maji polepole juu ya kioo, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Kisha fundi afungue soketi za kompyuta, betri ikiwa imefunguliwa. Rangi ya kijani kwenye pini, harufu ya kuungua au pini iliyopinda ni ushahidi.

Hatua ya 7: Mashine ya kusoma makosa. Chini ya usukani kuna soketi yenye pini 16. Fundi huchomeka mashine hapo. Ulizeni kama mashine yake inasoma kompyuta ya bodi, kwa maana zile za bei rahisi nyingi husoma injini tu. Makosa ya bodi huanza na herufi B, na ya mawasiliano huanza na U.

Hapa vikundi vingi hupotoshwa. Mashine ikiandika U0140, maana yake ni kwamba kompyuta nyingine zimepoteza mawasiliano na kompyuta ya bodi. Haisemi kwamba imekufa. Mtu asipopokea simu, huwezi kusema ameaga dunia. Pengine simu haina moto. Kabla ya uamuzi, fundi apime fyuzi, ethi, na zile waya mbili zilizosokotwa pamoja ambazo kompyuta huzungumzia. Katika magari mengi ya sasa ziko pini ya 6 na ya 14. Betri ikiwa imefunguliwa, kipimo kati yake huwa karibu omu 60. Kikiwa 120, njia imekatika upande mmoja. Kikikaribia 0, waya zimegusana.

USHAHIDI WA MWISHO

Fundi mzuri hasemi tu "imekufa". Mwambieni aonyeshe mambo manne:

(a) Stima inafika kwenye kompyuta, na imepimwa taa zikiwa zimewashwa.
(b) Ethi yake ni nzuri.
(c) Habari inafika: swichi ikibonyezwa, mashine inaonyesha kwamba kompyuta imeiona, au, kama kompyuta haizungumzi kabisa, waya za swichi na za mawasiliano zimepimwa ni nzima.
(d) Agizo halitoki: mashine ikiiamuru kompyuta iwashe wipa, pini ya kutolea haina kitu, na waya kutoka pini hiyo hadi wipa ni mzima.

Yote manne yakithibitishwa, kompyuta ni mbovu. Likikosekana moja, bado hamjajua. Na hata ikiwa mbovu kweli, ulizeni swali la tano: nini kiliiua? Maji, waya uliogusana, mota ya wipa inayovuta stima kupita kiasi, au mtu aliyeanzisha gari kwa betri nyingine akageuza waya? Kompyuta haifi bure. Usipoondoa kilichoua ya kwanza, kitaua ya pili.

KAMA LAZIMA KUBADILISHA

1. Namba iliyo kwenye lebo ya kompyuta mpya iwe sawa na ya zamani, herufi kwa herufi. Magari mawili yanaweza kufanana kwa nje, ndani yakawa na kompyuta tofauti.

2. Kama ya zamani bado inazungumza na mashine, fundi asome na kuhifadhi mipangilio yake kabla ya kuitoa. Nissan, kwa mfano, huagiza hivyo katika vitabu vya mafundi. Ikishatolewa, kazi huwa ngumu zaidi.

3. Kompyuta iliyotumika inaweza kuwa bado inakumbuka gari lake la kwanza na funguo zake. Nyingine hufutika, nyingine hazifutiki. Kubalianeni kwa maandishi: isipokubali gari letu, inarudishwa na pesa zinarudi.

4. Pelekeni funguo zote siku hiyo. Katika magari mengine, ufunguo usiokuwepo wakati wa kuandikisha hausajiliwi, na baadaye hauwashi gari.

5. Kabla ya kufungua betri, ufunguo utolewe ndani ya gari na dirisha liachwe wazi, msije mkafungiwa nje. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Ngojeni muda unaotajwa katika kitabu cha gari kabla ya kugusa waya za karibu na usukani. Huko kuna mfuko wa hewa wa usalama, na ukilipuka unaweza kumuumiza fundi.

6. Mtu asichome waya za kompyuta kwa ile taa ya kienyeji ya balbu. Balbu huvuta stima nyingi kuliko kompyuta inavyoweza kutoa. Atumie mita.

7. Wakati wa kuifundisha, betri iwe imeunganishwa na chaja. Stima ikipungua katikati, kompyuta mpya inaweza kuharibika hapo hapo mezani.

BAADA YA KAZI

Msilipe kabla ya kujaribu kila kitu kwa orodha: taa zote, indiketa, wipa, honi, kila dirisha, kila mlango, kila ufunguo. Kisha ndoo ya maji tena.

Mwisho, gari lizimwe na kufungwa, lingojewe karibu saa moja ili kompyuta zilale, halafu fundi apime stima inayovutwa usiku. Kwa magari mengi isizidi ampia 0.05. Fanyeni hesabu pamoja: gari likivuta ampia 1 kwa usiku wa saa 12, limekula ampia 12 za saa. Betri yenye 45 haitamaliza siku nne bila kuwashwa. Hapo ndipo mnaamka kumpeleka mama mjamzito hospitali, na gari haliitiki.

MAKUBALIANO YA KIKUNDI

Tunapendekeza haya yaandikwe katika kumbukumbu:
- Hakuna kununua sehemu ya gari ya bei kubwa kabla fundi hajaonyesha ushahidi mbele ya wanakikundi wawili.
- Gharama ya kuchunguza na gharama ya kutengeneza zitajwe mbalimbali. Ni heri kulipa fundi pesa kidogo apime, kuliko kumlazimisha apate faida kwa kuuza kompyuta.
- Matengenezo makubwa yapate maoni ya mafundi wawili.
- Risiti ionyeshe namba ya sehemu na muda wa dhamana.
- Sehemu iliyotolewa irudishwe kwa kikundi.
- Maneno ya dereva yaandikwe, hata yakionekana madogo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, nani hujua mambo lakini haongei, au akiongea hasikilizwi?
2. Mara ngapi tumesema "tuwaachie wataalamu" kwa sababu tuliogopa kuonekana hatujui?
3. Pesa zikipotea, huwa tunatafuta sababu, au tunatafuta mtu wa kulaumu?
4. Gari letu lina ufa gani ambao tumeuona na hatujauziba?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, wachaguliwe watu watatu, dereva akiwa mmoja wao. Wapime betri, waangalie ethi na fyuzi, watoe majani chini ya wipa, wamwage maji juu ya kioo, na walete majibu kwa maandishi.

Katika kikundi nilichowaeleza, mwenyekiti alisimama mbele ya wote akamwomba kijana msamaha. Mimi pia nilimwomba. Tangi la maji halijanunuliwa hadi leo. Wanachanga upya, shilingi 100 kwa 100. Kijana alikubali kurudi kwenye usukani, lakini alitaka jambo moja: daftari liwekwe ndani ya gari, aandike kila anachokiona, na lisomwe katika kila mkutano. Ukurasa wa kwanza aliandika mstari mmoja tu: "Leo mvua kubwa. Kapeti kavu."